Ukoka wa Ijumaa

Ukitaka kumchekesha dereva wa lori pale Garissa, mwambie umeajiriwa kumwagilia nyasi. Nilimwambia rafiki yangu wa zamani, tuliyesafiri naye hadi Bute nilipokuwa kijana wa kupanga mizigo, akaegemea gurudumu akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Warya, maji itoke mto, ipande na pampu, imwagiwe nyasi. Nyasi ikikua, unakata. Ukikata, unamwagia tena. Wallahi nyinyi watu ya Kenya!"

Watu wa Kenya ni sisi tuliotoka ng'ambo ya daraja. Huku, mtu akivuka Tana kuelekea Nairobi husema anaenda Kenya, na akirudi anaulizwa Kenya kulikuwaje. Nimeitwa hivyo kwa muda mrefu hata nimesahau kukasirika. Nilizaliwa milima ya Taita, nikamaliza kidato cha nne, nikaondoka kutafuta kazi ya muda. Kazi za muda zimenipeleka Voi, Isiolo, Wajir na Sangailu, na sasa nimevuka arobaini nikiwa na begi lile lile, zipu imebadilishwa tu.

Gesti niliyofanyia kazi ilikuwa upande wa mtoni, umbali mdogo kutoka mtaa wa Galbet. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye kila mtu alimwita Haji. Ukoka ulikuwa ndoto yake. Aliwahi kumpeleka mama yake kutibiwa Nairobi, wakaketi kwenye nyasi nje ya hospitali wakisubiri majibu, na yule mama akasema hajawahi kukalia ardhi laini namna ile bila kutandika kitu. Majibu yalikuwa mazuri. Haji akarudi Garissa, akamjengea mama yake chumba nyuma ya gesti, na mbele yake akapanda ukoka.

Aliponihoji aliniuliza kama najua kutunza nyasi. Nikamwambia shule yetu ya sekondari ilikuwa na uwanja, nasi tuliadhibiwa kwa kuukata.

"Ulikata sana?" akauliza.

"Sana, Haji."

"Basi kazi umepata."

Sijui kama kuna mtu aliyefurahia ukoka ule kuliko mimi. Jua la Garissa halina mzaha. Mchana hata kivuli kina joto. Lakini ile saa ambayo jua linajiandaa kutua, baada ya kumwagilia, harufu ya nyasi mbichi ilipanda, nami nilivua viatu nikasimama tu. Harufu ile ilinirudisha nyumbani milimani, asubuhi za umande, suruali ya shule imelowa hadi magotini. Halafu punda wa mkokoteni wa maji alilia barabarani, nikajua niko wapi.

Jioni watu walikuja. Familia zilileta chupa za chai na sambusa, watoto wakabingirika. Kwa watoto waliozoea mchanga na miiba, ukoka ulikuwa kama kitanda cha uwanja mzima. Maghribi ilipofika, wanaume walijipanga mstari wakaswali pale pale, wengi bila mkeka, paji la uso likigusa nyasi. Haji alisimama nyuma yao akiwatazama kama mtu aliyewakaribisha wote nyumbani kwake, na kweli aliwakaribisha.

Kisha kulikuwa na Ijumaa. Mahali ambapo mbuzi hula maboksi ya sabuni, nyasi haitupwi. Anayetupa nyasi Garissa ataulizwa kama ana akili. Haji aliamua kwamba ukoka utakatwa kila Ijumaa asubuhi, na nyasi zilizokatwa ziwekwe nje ya lango ziwe sadaka kwa majirani wenye mifugo. Kina mama walikuja na magunia na shuka kuukuu, wakagawana, wakamwombea dua, wakaondoka na mafurushi ya kijani vichwani. Haji alikuwa akipita pale kwa makusudi wakati huo, akijifanya anatafuta gari lake.

Mmoja wa kina mama hao alikuwa muuza maziwa wa Galbet. Nilimwita habaryar, yaani mama mdogo, ndivyo huku unavyomwita mwanamke aliyekuzidi umri hata kama damu zenu hazijawahi kukutana. Alikuwa mjane mwenye mbuzi wachache wa maziwa, na kwa maziwa hayo alilea wajukuu. Kila asubuhi aliketi soko la maziwa na jerikeni yake ya manjano, imefukizwa moshi ndani ili maziwa yakae na yapate ladha. Wateja wake hawakubadilika. Walikunywa maziwa yake tangu wakiwa wanabebwa mgongoni, na sasa walituma watoto wao. Mimi pia nilikuwa mteja, na kila siku alinitania.

"Wewe mtu ya milima, bado hujaoa?"

"Bado, habaryar."

"Unalala na nyasi. Nyasi itakuzalia nini?"

"Itakulishia mbuzi wako."

"Haye, basi ngoja kidogo usioe."

Sasa mvua zilinyesha vizuri, na baada ya mvua vikaja viwavijeshi. Asiyeviona hawezi kuamini. Jioni una ukoka, asubuhi una viraka vya kahawia, na ukiinama unaona viwavi vinatambaa kwa bidii kama vimelipwa. Haji alipoviona alishika kichwa. Binti yake alikuwa karibu kuolewa, na siku ya harusi wanawake wangekaa pale.

Nilikuwa nimeomba ruhusa kwenda Sangailu kumsalimu rafiki aliyepata mtoto. Ndivyo nilivyo, nikikaa mahali sana miguu huwasha. Nilimwambia Haji tutaviokota nikirudi. Lakini Haji hakuwa mtu wa kusubiri. Alimwita kijana wa kazi kutoka mashamba ya tikitimaji kando ya mto, mwenye pampu ya mgongoni, akamwambia anunue dawa kali kuliko zote. Kijana akapuliza uwanja mzima Jumatano hadi ukang'aa. Ijumaa, kama kawaida, ukoka ukakatwa. Na kama kawaida, ukawekwa nje ya lango.

Nilirudi Ijumaa hiyo hiyo kabla ya swala ya adhuhuri. Harufu ndiyo iliyonipokea. Haikuwa harufu ya nyumbani. Ilikuwa harufu ya kuchoma puani, kama vitunguu saumu vilivyooza. Langoni palibaki majani machache tu. Kina mama walikuwa wameshaondoka, ila yule muuza maziwa, ambaye alikuwa amepeleka furushi lake nyumbani na kurudi mbio. Alikuwa amekiona kitu cha maana zaidi.

"Walaal," alisema, akinyoosha kidole kwenye ukuta. "Ile mtungi. Kama hamtaki, nipe mimi. Ni nzuri ya maziwa."

Ulikuwa mtungi wa dawa, mweupe, wenye mfuniko wa buluu unaobana sawasawa. Kwa mtu anayefanya kazi ya maziwa, ulikuwa mali. Nikauokota, nikageuza upande wa maandishi. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, lakini nilisoma: watu na wanyama wasikanyage mahali palipopulizwa mpaka muda fulani upite, mifugo wasilishwe majani hayo, chombo kisitumike tena kwa lolote. Na fuvu la kichwa, ambalo halihitaji kusomwa.

"Habaryar, umewapa mbuzi ile nyasi?"

"Si ndiyo nimebeba? Wanakula sasa."

Nilikimbia. Alinikimbilia nyuma akipiga kelele kuniuliza kuna nini, na nusu ya Galbet wakatoka kutazama mtu wa Kenya anayefukuzwa na mama wa maziwa.

Tulipofika, mbuzi wengine walikuwa bado wanatafuna. Tuliwanyang'anya hadi midomoni. Wajukuu tuliwatuma mbio kwa kina mama wengine, wakakuta mafurushi yao bado yamefungwa. Mmoja, wa kahawia, ambaye alijua kusukuma wenzake na kula kwanza, alikuwa amesimama pembeni akitoa mate mengi na miguu ya nyuma ikitetemeka. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, dada mmoja wa kutoka Machakos aliyekuwa akipanga chumba pale gesti. Alikuja na pikipiki na mkoba wake. Aliniuliza jina la dawa, nikampa mtungi, akausoma midomo ikicheza, akatia sindano. Akakaa na yule mbuzi chini ya kibanda mpaka kutetemeka kukapungua.

"Huyu atapona, nadhani," alisema akijifuta mikono. "Lakini mama, hakuna kuuza maziwa. Hakuna kunywa. Ya mbuzi wote. Kamua umwage, mpaka mimi niseme."

Nilimtafsiria kwa Kisomali changu cha barabarani, ingawa alikuwa ameelewa. Alimgeukia daktari.

"Kumwaga?"

"Kumwaga, mama."

"Chini?"

Jioni ile alikamua, akachimba shimo nyuma ya kibanda, akamwaga. Alifanya hivyo ameugeuza uso pembeni. Wajukuu walisimama wakitazama shimo. Nimewaona watu wa huku wakipoteza ng'ombe wakati wa ukame na kusema Alhamdulillahi, lakini maziwa kumwagwa kwa makusudi sikuwahi kuona, na nadhani nao hawakuwahi.

Nilimkuta Haji ofisini akinywa chai. Nilimweleza. Mwanzoni hakukubali.

"Ndugu yangu, mimi nimezaliwa na mifugo. Kupe tunawapulizia mbuzi dawa, tena juu ya ngozi yao, na tunawakamua. Dawa ni dawa."

"Ile ni ya kupe, Haji, na hata yenyewe ina muda wake wa kusubiri. Hii si ya mbuzi. Hii ni ya viwavi."

"Kiwavi ni mdogo. Mbuzi ni mkubwa."

"Na mtoto anayebingirika jioni? Na sisi tunaoweka paji la uso?" Nilisema "sisi" ingawa mimi huenda kanisani, lakini ilimfikia. Aliweka kikombe chini.

"Nilitoa sadaka," alisema polepole.

"Najua, Haji."

"Nimewapa watu sumu siku ya Ijumaa."

Akanipa ruhusa ya kufunga uwanja na akanituma kununua rangi.

Nikatengeneza ubao. Niliuandika kwa herufi kubwa nyekundu: HATARI. NYASI IMEPULIZWA DAWA. USIKAE. USILISHE MIFUGO. Nikaridhika sana na mwandiko wangu. Kesho yake nikakuta wanawake wawili wameketi kivulini mwake, upande wa nyuma, wakisubiri kugawiwa nyasi ingawa haikuwa Ijumaa. Nikawauliza kama wameona ubao. Wakasema ndiyo, ni mzuri, umeleta kivuli. Mzee mmoja alisoma kwa sauti, akatikisa kichwa, akasema ni mambo ya serikali ya kaunti. Mtoto mmoja akaninong'oneza kwamba nimesahau kuchora fuvu, na kwa kweli alikuwa na haki. Nilichora. Likatoka kama mbuzi anayecheka.

Ndipo nikakumbuka Bute. Nilipokuwa kwenye malori kule, nilijifunza kwamba hufiki mahali ukaomba maji. Unafika, unasalimiwa, halafu unaambiwa, "Warran," yaani toa habari. Nawe unatoa: mvua imenyesha wapi, nyasi iko wapi, kisima kipi kimekauka, mifugo ya nani inaumwa na inaumwa nini. Kila kitu, kwa mpangilio, na hukatizwi. Wakishasikiliza, wao nao wanatoa yao, ndipo chai inakuja. Mtu mwenye habari ya malisho mabaya akinyamaza, atakumbukwa kwa ubaya muda mrefu. Hakuna kituo cha redio kinachoshinda hiyo. Niliwahi kuacha habari ya kisima Bute nikaikuta imenitangulia Wajir, na mimi nilikuwa ndani ya lori.

Basi asubuhi nikaenda soko la maziwa, nikachuchumaa mbele ya kina mama. Wakanisalimu. Mmoja akasema kwa mzaha, "Warran, mtu ya nyasi."

Nikatoa habari. Niliwaambia ukoka wa Haji umepulizwa dawa ya viwavi, mbuzi mmoja ameugua, mtu asichukue nyasi pale wala watoto wasikae, mpaka daktari aseme. Niliwaambia mitungi ya dawa isitiwe maziwa wala maji, hata ikioshwa kwa maji ya moto na mchanga, bali itobolewe. Niliwaambia kijana aliyepuliza dawa aliosha pampu yake kwenye mfereji, na hilo lisifanywe, kwa sababu kuna wanaokunywa maji yake huko chini. Hawakunikatiza. Mwishoni mmoja aliuliza maswali kama hakimu: dawa ya rangi gani, harufu gani, duka gani. Wawili walikiri wana mitungi kama ile nyumbani. Mmoja aliinuka pale pale kwenda kuutoa.

Nilirudi gestini nikipiga mluzi.

Saa za alasiri mpakuzi mmoja wa magunia ya sukari alinisimamisha barabarani. "Umesikia? Nyasi yote kando ya mto imetiwa sumu. Mbuzi wamekufa wengi."

"Ni mmoja tu, na hakufa."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ni mtu asiyefuatilia mambo. Kufikia jioni habari ilikuwa imevuka daraja. Dereva rafiki yangu alinipigia simu kutoka Kenya, akitaka kujua kama bado niko hai.

Nilicheka, na sikuona haja ya kuisahihisha. Nyasi haikuchukuliwa, watoto hawakuja, na hilo ndilo tulilotaka. Siku zikapita. Mbuzi wa kahawia akarudia tabia yake ya kusukuma wenzake. Daktari alikuja, akawapima wote, akasubiri zaidi ya mtungi ulivyosema, kwa sababu yeye ni mtu wa kuongeza juu, halafu akamwambia mama, "Sasa uza. Kunywa. Ni safi." Yule mama alikunywa kikombe cha kwanza yeye mwenyewe, akawapa wajukuu, akafukiza jerikeni, akaenda sokoni.

Alirudi na jerikeni imejaa.

Kesho yake tena. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu vizuri, wakamuuliza hali ya wajukuu, wakanunua kwa jirani yake. Wateja wa tangu wakibebwa mgongoni walipita mbele yake wakitazama simu. Habari ilikuwa imesema mbuzi wake walikula sumu, na habari hiyo ilikuwa kweli. Habari nyingine ya kuaminika haikuwa imefika.

Siku ya tatu alikuja gestini. Aliweka jerikeni katikati ya ofisi ya Haji, juu ya zulia, akaketi kando yake.

"Wewe," aliniambia, "uliweka habari sokoni. Nzuri, uliponya watu. Sasa imekaa juu ya kichwa yangu. Ondoa."

"Habaryar, nilienda jana kuwaambia. Wanasema mimi nakula kwa Haji, lazima niseme hivyo."

"Kweli unakula kwa Haji." Akamgeukia Haji. "Na wewe, sadaka ni yako. Kama maziwa haiuzwi, nitauza mbuzi. Nikiuza mbuzi, watoto watakula nini? Ubao?"

Haji alijisogeza kitini. Alisema atamnunulia maziwa yote yeye, kila siku, kwa gesti. Ilikuwa ahadi ya mtu mkarimu, na yule mama aliikataa papo hapo.

"Mimi si maskini yako. Mimi naketi soko. Wateja yangu nataka."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mama yake Haji alikuwa amesimama pale na fimbo yake. Nadhani alisikia yote. Alikuwa na mbuzi mmoja mweupe aliyefugwa kwa ajili ya chai yake peke yake, na mbuzi huyo alikuwa anaishi vizuri kuliko baadhi ya wageni wetu.

"Watu wanangoja nini?" alimuuliza mwanawe kwa Kisomali, na mimi nilielewa. "Wanangoja kuona kama wewe unakula unachowapa."

Siku ile ile Haji aliniita uwanjani. Aliniuliza viwavi vikirudi tutafanyaje bila ile dawa, kwa sababu harusi bado iko na yeye hataki kukalisha watu kwenye vumbi. Nikamwita daktari, tukakaa watatu ukingoni. Tulichoamua hakikuwa cha ajabu. Nyasi zote zilizopulizwa tulizikata chini kabisa, tukazifukia kwenye shimo refu mbali na mto, hatukuzichoma maana moshi wake nao ni sumu. Tukaacha ukoka uchipue upya, na tukauacha urefuke kidogo, kwa kuwa ukiukata kama kichwa cha mwanajeshi unadhoofika. Tukamwagilia alfajiri badala ya jioni, usilale na unyevu. Nilikuwa nikipita asubuhi kabla ya joto, nageuza majani, nikiona viwavi naokota natia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mwarobaini tunao mwingi Garissa, kila ua una wake. Tulitwanga majani na mbegu, tukaloweka usiku kucha, tukachuja, tukanyunyiza viraka vile tu vyenye viwavi, wala si uwanja mzima. Haji alinunua kuku. Na wale korongo wenye vipara wanaokaa juu ya miti ya mjini, ambao zamani aliwafukuza kwa mawe kwa sababu wanachafua, sasa walipewa ruhusa ya kutembea ukokani mapema asubuhi, mikono nyuma kama wakaguzi wa shule, wakila viwavi kimoja kimoja.

"Wabaya wa sura," Haji alisema akiwatazama, "lakini hawaombi mshahara."

Ukoka haukuwa tena kama zulia la dukani. Ulikuwa na viraka, na magugu mawili matatu tuliyoamua kuyavumilia. Daktari aliutembelea akaukubali.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo, Haji alimtoa mbuzi mweupe wa mama yake. Alimshika kamba yeye mwenyewe, mtu ambaye hajachunga tangu apate gari. Akamwingiza ukokani mbele ya lango lililo wazi, watu wakitoka msikitini. Mbuzi alitazama huku na huku, hakuamini bahati yake, akainama akala. Watu wakasimama. Mama yake Haji alikuwa ameletewa kiti, ameketi pale pale kwenye nyasi, miguu mitupu.

Hilo peke yake lingetosha kwa wengine. Lakini Haji alikuwa mtu wa mifugo, na alijua habari inatolewa wapi. Kesho yake alinichukua tukaenda soko la maziwa. Alichuchumaa, na magoti yake yakalia, mbele ya wale kina mama. Hakuna aliyezoea kumwona pale. Yule mama wa maziwa alikuwa ameketi mahali pake na jerikeni imejaa, akitazama mbele kama hamjui.

Mmoja akasema, "Warran, Haji."

Nilimtazama. Mtu yule alikuwa na nyumba ya wageni, malori, na dua za Ijumaa za mtaa mzima. Angeweza kusema machache akainuka. Alitoa habari yote. Alisema alinunua dawa bila kuuliza. Alisema alikata kabla ya wakati akaita sadaka. Alisema mbuzi mmoja aliugua, si wengi, na amepona. Alisema huyu mama alimwaga maziwa yake ardhini kila siku aliyoambiwa amwage, hata tone hakuuza, na kwamba kama kuna mtu sokoni hapa ambaye maziwa yake yanajulikana kuwa safi, tena yamepimwa na daktari, ni yeye. Alisema mbuzi wa mama yake mwenyewe sasa anakula ukoka ule. Hawakumkatiza.

Kisha akageuka. "Mama, nipe kikombe."

Yule mama akammiminia. Haji akanywa mpaka mwisho, akajifuta masharubu, akakirudisha kikombe. "Moshi umezidi kidogo," alisema.

"Kama hutaki, usinywe," akamjibu. Kina mama wote wakacheka, na nikaona mmoja wa wale waliokuwa wakipita wakitazama simu amesimama, na chupa mkononi.

Siku zilizofuata nilisikia habari ile ikirudi kwangu kutoka pande zote, nayo pia ilikuwa imenenepa. Mpakuzi wa sukari aliniambia Haji alikunywa jerikeni nzima. Sikumsahihisha. Cha kunifurahisha zaidi ni kwamba watu walianza kuja gestini kuniuliza namna ya kuloweka mwarobaini, wenye bustani za sukumawiki, wenye miche ya papai, hata kijana wa pampu, ambaye aliniambia kwa siri kwamba macho yamekuwa yakimwasha tangu mwaka jana na hakujua kwa nini. Kina mama walitoboa mitungi, wengine wakaileta kwangu nitoboe kana kwamba ni kazi ya ofisi. Ubao wangu ulibaki langoni na yule mbuzi wake anayecheka. Uliendelea kutoa kivuli.

Harusi ilifanyika. Wanawake walikaa ukokani, miguu mitupu, kuku wakipita katikati yao. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusikia miguu inawasha, na rafiki yangu dereva alikuwa na safari ya Bute, kiti kiko wazi.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia soko la maziwa, maana nilitaka kunywa kikombe cha mwisho cha maziwa ya moshi kabla ya barabara. Jua lilikuwa halijapanda. Niliwahi, niliamini. Yule mama alikuwa ameshajifunga shuka, anainuka. Jerikeni ya manjano ilikuwa kinyume, mdomo chini, inadondosha.

"Habaryar, nibakizie hata kidogo. Nasafiri."

"Imeisha," alisema, na hakuwa na huruma hata chembe. "Watu wameamka, wewe umelala na nyasi yako. Nenda kunywa chai ya rangi."

Nikaenda nikanywa chai ya rangi, nimesimama, yenye sukari nyingi. Dereva akaniuliza nacheka nini.